Kapsuli inaelea: kisa cha mtoto wa miaka 9 aliyeshindwa kumeza dawa ya selimundu

Nimekuwa nesi kwenye kliniki ya watoto wenye selimundu (siko seli, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu) kwa miaka kadhaa na karibu kila wiki nakutana na mzazi ambaye dawa anayo, anajua umuhimu wake, ila mtoto haimezi. Kisa hiki naandika kwa ajili ya wazazi wa namna hiyo, mabibi, na manesi wenzangu pia, maana sehemu kubwa ya makosa humu ni yetu sisi. Familia imekubali niandike. Jina nimebadilisha, mahali sitaji, na vitu vingine vidogo nimevigeuza ili wasijulikane. Mtoto nitamwita Musa.

Musa na nyumbani kwao

Musa alikuwa na miaka 9, kilo 24, darasa la tatu, anaishi kijiji cha pembezoni mwa ziwa. Aligundulika ana selimundu kabla hajafika miaka miwili baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba, ambayo kwa wengi ndo dalili ya kwanza na wengi wanadhani mtoto ameanguka au kaumwa na mdudu. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki alilazwa mara nne kwa maumivu ya mifupa na mara mbili akaongezewa damu. Nyumbani yupo mama, bibi mzaa baba, dada yake wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka mitatu. Baba ni mvuvi wa dagaa, usiku yuko ziwani anarudi alfajiri, na hilo la baba kutokuwepo usiku mlikumbuke maana litarudi mbele.

Daktari akaamua aanze haidroksiurea. Kwa asiyejua, hii dawa inaufanya mwili utengeneze zaidi ile himoglobini ya utotoni, na chembe nyekundu zikiwa nayo hazijikunji kirahisi kuwa na umbo la mundu. Utafiti uliofanyika Kongo, Kenya, Uganda na Angola na kutolewa 2019, wenye watoto zaidi ya 600, ulionyesha kwamba watoto wakitumia dawa hii maumivu yanapungua, kuongezewa damu kunapungua, hata malaria na vifo vinapungua. Kwahiyo sio dawa ya kuchezea, mtoto akiikosa anakosa kitu kikubwa. Shida ni kwamba kwetu inakuja kama kapsuli ya miligramu 500, na kapsuli yenyewe sio ndogo kwa koo la mtoto. Kwa kilo zake Musa alitakiwa kumeza moja kwa siku.

Ilivyoanza

Siku anapewa dawa nilikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu, nikamuuliza mama, "Musa anameza vidonge?" Akajibu ndio sista anameza, si anakunywa foliki kila siku. Nikaandika kwenye bahasha 1x1, yaani moja mara moja kwa siku, nikamwambia ampe usiku baada ya kula, arudi baada ya mwezi, nikaita mwingine. Basi, hayo ndo maelezo yote aliyopata kutoka kwangu kuhusu kumeza. Na ile foliki, ile ya njano ndogo ya kusaidia mwili kutengeneza damu, kumbe mtoto alikuwa anaitafuna kama pipi, hakuwahi kumeza kidonge hata kimoja maishani mwake.

Usiku wa kwanza mama alimpa kapsuli na maji kwenye kikombe cha bati, akamwambia rudisha kichwa nyuma kabisa umeze kama bibi anavyomeza. Musa akajaribu, maji yakaenda, kapsuli ikabaki. Akajaribu tena, ikabaki. Mara ya tatu ikawa imeshaanza kulainika ikagandia kwenye kaakaa, akashtuka, akakohoa, chakula chote cha jioni kikarudi. Usiku wa pili bibi akasema huyu mnamdekeza, akamkalisha mapajani akambana pua. Kapsuli ilienda kweli siku ile, ila ndo ikawa mwisho wa Musa kukubali chochote, kuanzia siku ya tatu akisikia tu bahasha ya dawa inachakacha anatoka nje anaenda kujifungia chooni.

Wiki ya pili mama akapata njia. Anafungua kapsuli, anamwaga unga wake kwenye uji wa ulezi, anakoroga, anampa. Bibi akaunga mkono kwasababu yeye siku zote anaamini hizi za rangi mbili ganda lake ni nailoni, likiingia tumboni halitoki, kwahiyo kufungua ndo salama zaidi. Nyumba ikatulia. Mama kila akija kliniki tukimuuliza "dawa anakunywa?" anasema anakunywa, na wala hakuwa anadanganya.

Mwezi wa nne

Kwenye kliniki hizi kila mara tunapima damu, na kuna kipimo kinaitwa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Mtoto akitumia haidroksiurea vizuri, baada ya miezi michache chembe zinakuwa kubwa, namba inapanda. Ya Musa wakati anaanza ilikuwa 78. Mwezi wa nne ilikuwa 79. Na katikati hapo alishalazwa tena mara moja kwa maumivu.

Daktari alikuwa ameshashika kalamu kuongeza dozi. Hapo ningependa msomaji asimame kidogo, maana dawa hii dozi ikizidi inashusha chembe nyeupe, zile za kupambana na magonjwa, na sisi tulikuwa tunakaribia kumuongezea dozi mtoto ambaye hatujui hata anapata kiasi gani. Kabla hajaandika akanigeukia akasema hebu nenda na mama pembeni mpitie dawa upya.

Nikamchukua mama tukakaa kwenye benchi la nyuma. Sikumuuliza tena kama anakunywa. Nikamwambia, "Mama Musa, nionyeshe jana usiku ulimpaje, anzia unashika bahasha." Akanionyesha kwa mikono tu, hewani, huku anachekacheka. Anashika kapsuli, anavuta pande mbili, anagongagonga kwa kidole unga uishe, anakoroga. Nikauliza uji anamaliza? Akasema mara nyingi unabaki nusu kikombe, anasema una ladha mbaya, basi unamwagwa. Nikauliza mdogo wake huwa anaumalizia? Akasema hapana, na nikauliza mara ya pili, akasema hapana.

Alafu nikamtazama vizuri. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kitenge kilikuwa kimemficha na mimi sikuwahi kumuuliza, maana mgonjwa wetu ni Musa, sio mama. Haidroksiurea inafanya kazi kwa kuzuia seli kugawanyika, ndo maana mjamzito hatakiwi kabisa kushika unga wake wala kuuvuta puani, na hata asiye mjamzito haruhusiwi kufungua kapsuli zake nyumbani. Kwenye karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa hivyo, kwa Kiingereza, na boksi linabaki famasi, mama anaondoka na bahasha.

Nilivyomwambia alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Sista mbona hamkuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilimuomba msamaha pale pale, na nadhani bila ile samahani yaliyofuata yasingewezekana.

Tulichoamua na kwa nini

Siku hiyo hiyo tulikaa watatu, daktari, mfamasia na mimi, mama akiwepo.

Kwanza, kapsuli isifunguliwe tena. Mama akapelekwa kliniki ya wajawazito na maelezo ya kuandikwa, afuatiliwe.

Pili, dozi isiongezwe. Hakuna aliyejua dawa imefeli au haijafika tumboni.

Tatu, tulifikiria dawa ya maji. Kuna hospitali kubwa ambazo wafamasia wake wanaichanganya wenyewe, ila iliyokuwa karibu ni safari ya siku nzima kwa basi, inatakiwa kufuatwa mara kwa mara, na familia ya mvuvi wa dagaa nauli hiyo hawana. Mtoto angekuwa na miaka miwili tungepambana na nauli. Kwa miaka 9, mwenye akili zake timamu, anayekula ugali na kunywa maji bila shida yoyote, kumfundisha kumeza kulikuwa na maana zaidi, na dawa hii atakunywa miaka mingi.

Nne, na hili ndo lilibishaniwa, tulisimamisha haidroksiurea kwa wiki mbili. Mimi niliogopa. Daktari akasema ni bora wiki mbili bila dawa kuliko kuendelea na nusu kikombe cha uji, maana dawa hii ukiisimamisha siku chache mtoto hapati madhara ya ghafla. Foliki aliendelea nayo, anatafuna kama kawaida. Sababu kubwa ilikuwa kutenganisha mazoezi na dawa, tulitaka kwa wiki mbili Musa asione kabisa ile bahasha.

Glasi ya maji ya vuguvugu

Wiki hiyo walikuja Musa, mama, dada na bibi. Bibi nilimuomba aje mimi mwenyewe, maana nilijua bila yeye tukimaliza hapa kule nyumbani kunaanza upya. Mfamasia alitupatia makapsuli matupu, yale ya gelatini, ya saizi tofauti (namba yake ikiwa ndogo kapsuli ndo kubwa, inachanganya kidogo).

Nilianza na bibi. Nikamsalimia, nikamwambia bibi yangu naomba tutazame pamoja hii nailoni. Nikaweka maji ya vuguvugu kwenye glasi, nikadondosha kapsuli tupu, nikaiacha mezani tukapiga stori. Baada ya dakika chache ganda likaanza kulegea, likajikunja, likawa kama ute, mwisho ukikoroga unaona ukungu tu. Bibi akasogeza uso mpaka karibu pua iingie kwenye glasi. Akasema, "Kumbe inayeyuka mwanangu, miaka yote hii." Hakubishana tena.

Ila aliyetufundisha wote siku ile ni Musa. Wakati kapsuli bado nzima juu ya maji, akasema kwa sauti ndogo, "Inaelea."

Ndio, inaelea. Kidonge cha kawaida ni kizito, kinazama. Kapsuli ina hewa ndani, ni nyepesi, inapanda juu. Sasa fikiria mdomo umejaa maji na kichwa umerudisha nyuma kama bibi alivyozoea na kama mama alivyomwelekeza. Koo linakuwa chini, meno ndo yako juu. Kapsuli inakimbilia kwenye meno, maji yanaenda kooni. Musa alikuwa anafanya kila alichoambiwa na kila mara kapsuli inarudi mbele, na sisi wakubwa tunasema ni mkaidi. Suluhisho lake ni kinyume: maji mdomoni, alafu kidevu kishuke kuelekea kifuani, hapo sehemu ya juu inakuwa upande wa koo, kapsuli inaelea yenyewe kwenda kule, unameza.

Sio kitu nilichobuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walitoa matokeo 2014 baada ya kuwajaribu watu wazima 151, na kwa kapsuli kubwa kuinamisha kichwa kuliwarahisishia karibu tisa kati ya kila kumi. Hao walikuwa watu wazima, sio watoto, hilo lieleweke. Mimi nilikuwa nimewahi kusoma habari hiyo na sikuwahi kuifundisha kwa mzazi hata mmoja mpaka mtoto aliponiambia inaelea.

Mazoezi yalivyokwenda

Masharti tuliyokubaliana na familia: mazoezi ni dakika tano tu, jioni baada ya shule kabla hajachoka. Anameza mara tatu akifanikiwa, basi, hata kama anataka kuendelea. Akikataa mara mbili, basi pia, hakuna maneno. Neno dawa halitajwi. Dada yake anafanya naye, na kila kitu dada anaanza. Vitu vya kumeza viwe laini, visiwe karanga wala pipi ngumu, maana hivyo vikiingia njia ya hewa ni hatari.

Siku mbili za kwanza ni maji matupu, funda moja kubwa, limeze lote kwa mpigo. Siku ya tatu punje moja ya wali. Siku ya nne punje mbili zilizoshikana. Kisha vipande vya tambi zilizopikwa, mama anakata kwa kisu, kwanza kama punje ya mchele, baadae kama nusu kucha. Mpaka siku ya sita alikuwa hana shida yoyote na alikuwa anawaringia majirani.

Siku ya saba walikuja kliniki, na hapo nikaharakisha mambo. Nilimpa kapsuli tupu saizi karibu na ile ya dawa yake, nikiruka zile ndogo, maana nilimuona anajiamini. Akaiweka mdomoni, akanywa maji, na kwa mazoea akatupa kichwa nyuma. Ikarudi mbele. Nikaona uso unabadilika, ule uso wa kujifungia chooni. Tukaacha siku ile ile, tukarudi kwenye tambi, akameza moja akaondoka ameshinda.

Siku ya tisa tulianza na kapsuli ndogo kabisa, tukaweka sukari ndani ili ikifunguka mdomoni isimtishe. Nikamwambia, Musa baba, kunywa maji kidogo koo lilowe, sasa weka kapsuli, chukua funda, usimeze kwanza. Funga mdomo. Sasa tazama kifungo cha pili cha shati lako la shule. Meza.

Akameza. Alibaki ameinama anatazama kile kifungo kama vile hajui kama imeenda. Nikasema fungua mdomo, inua ulimi. Hakuna kitu. Dada yake alipiga kelele mpaka mtu wa maabara akatoka nje kuangalia kuna nini.

Siku ya 11 alikuwa kwenye saizi ya kati, siku ya 13 saizi ya dawa yake, na siku ya 14 akameza haidroksiurea mbele ya daktari. Hakuomba maji ya pili.

Dawa tulihamishia asubuhi. Baba anaporudi ziwani ndo anampa, ananawa mikono, anaidondosha kwenye kifuniko, Musa anaichukua kutoka kwenye kifuniko mwenyewe na kunawa baada ya hapo. Baba akichelewa bibi anafanya. Mama haigusi. Na safari hii tuliwapa dawa kwenye kopo lenye kifuniko badala ya bahasha, kwasababu ule mlio wa bahasha mtoto alikuwa bado anauogopa.

Matokeo

Miezi mitatu baadae MCV ilikuwa 88, miezi sita 95. Dozi ile ile, kapsuli moja. Kwa miezi hiyo sita alilazwa mara moja, kwa malaria, hakuongezewa damu. Mama alijifungua salama kwa wakati wake.

Haikuwa mteremko moja kwa moja. Kwenye ile malaria alitapika siku mbili, na kapsuli moja ilitoka na matapishi, baada ya hapo akagoma siku nne. Bibi huyu huyu wa kubana pua ndo alimrudisha. Alipika wali, akamkalisha, akasema tunaanza na punje, mimi na wewe. Siku ya pili yake akawa amerudi kwenye kapsuli.

Nilivyokuja kulitazama suala hili

Kilichofanya kazi zaidi kwa maoni yangu ni kule kusimamisha dawa na kufanya mazoezi na wali. Mtoto aliyebanwa pua hafundishiki ukiwa umeshika kile kile alichobanwa nacho. Kuinamisha kichwa kulimaliza shida ya kapsuli, lakini tungemfundisha kuinama usiku ule wa tatu wakati anajificha chooni, asingesikia neno.

Kumleta bibi kulikuwa na maana kuliko nilivyodhani. Wengi wetu tunamaliza na mama kwenye chumba cha ushauri alafu tunashangaa kwa nini nyumbani hakubadiliki. Imani ya nailoni nimeikuta nyumba nyingi sana baada ya hapo, na hakuna aliyewahi kunitajia bila kuulizwa, wanafungua kimya kimya.

Kilichotuangusha ni swali. "Anakunywa?" linajibiwa ndio hata na mzazi mkweli kabisa. Miezi minne ya dawa ilipotea hapo. Na kutomuuliza mama kama ni mjamzito wakati tunampa dawa ya namna hii mkononi, hilo ni kosa zito na tuliliandika kwenye kitabu cha matukio. Sasa hivi kila anayeshika hizi dawa tunamuuliza, na onyo la kutofungua tunaliandika kwa kalamu, kwa Kiswahili, kwenye kopo lenyewe. Kuruka saizi siku ya saba ni kosa langu binafsi, lilitugharimu siku mbili na lingeweza kutugharimu kila kitu.

Niseme pia ambapo njia hii haifai. Kuinama ni kwa kapsuli. Kidonge kinachozama hakihitaji, kichwa kikiwa sawa kinatosha. Mtoto anayekabwa hata na chakula, au anakohoa akinywa maji, huyo asianze mazoezi nyumbani, aonwe kwanza na daktari. Wadogo chini ya miaka minne mimi sijaribu kabisa, hao tafuta dawa ya maji au ya kuyeyusha. Na sio kila dawa ukishindwa kumeza unasaga au unafungua, kuna ambazo zimetengenezwa zitoke taratibu, ukisaga mtoto anapata dozi ya siku nzima kwa mpigo, kwahiyo muulize mfamasia kabla hujashika kinu.

Mwezi uliopita Musa amefika kilo 27 na daktari ameongeza dozi, siku moja kapsuli moja, siku ya pili yake mbili. Nilimwambia nikiwa na wasiwasi kidogo. Akafikiria, akauliza, "Mbili kwa pamoja au moja moja?" Nikasema moja moja. Akasema sawa, akaomba maji.